Kuuza na Kununua Shamba: Ni Nani Aandike Karatasi?

Mazungumzo ya redio kwa familia zilizohama na kwa viongozi wa vijiji na mitaa

 Leo tutaongea juu ya ardhi. Hatutaongea juu ya risasi, wala juu ya nani anatawala wapi. Tuna swali moja tu: mtu anapouza shamba au parsele, ni nani mwenye haki na ujuzi wa kuandika karatasi yake?

Swali hili linaonekana dogo mpaka siku linapobisha kwako. Chukua mfano wa familia iliyotoka Kirumba. Mwisho wa mwezi wa 6, 2024, vita ilipofika Kanyabayonga, Kayna na Kirumba, watu walishika barabara ya Lubero na Butembo, magodoro kichwani, watoto mgongoni. Tuseme baba amepanga chumba kimoja Butembo. Kodi imefika, mtoto anaumwa, shamba limebaki nyuma. Jioni anakuja kijana mwenye kalamu mfukoni, dalali, yule tunayemwita komisionere. Anasema: "Baba, nimekupatia mtu wa kununua shamba lako. Pesa ni leo hii. Karatasi nitaiandika mimi mwenyewe, mashahidi wawili wanatosha." Baba anaweka kidole.

Pesa inakwisha upesi. Kisha watu wanarudi nyumbani. Mama anasema hakuulizwa. Mdogo wa baba, aliyekuwa akilima upande wa chini, anasema naye hakuulizwa. Jirani anasema karatasi imemeza mita kumi za kwake. Na mnunuzi anakuja na karatasi yake mkononi, amelipa, hataki kusikia lolote. Hapo kuna watu wanne, kila mmoja ana haki kidogo na hasira nyingi. Ugomvi wa namna hiyo haukai katika familia moja. Unaitwa haraka ugomvi wa ukoo na ukoo, halafu wa kabila na kabila.

Ili tujue kwa nini karatasi ya komisionere haitoshi, inatupasa kurudi nyuma katika historia. Nivumilie.

Wazee wetu hawakuwa na notere. Katika nchi ya Banande, ukoo uliofyeka msitu wa kwanza ndio uliokuwa na neno juu ya udongo ule, na mkubwa wake aliitwa mukonde. Mgeni akija alionyeshwa mahali pa kulima, naye alileta muhako, pengine mbuzi, pengine sehemu ya mavuno. Wengi leo wanafikiri muhako ulikuwa bei. Haukuwa bei. Ulikuwa njia ya kusema mbele ya watu: nakubali ya kwamba mahali hapa nimepewa, na aliyenipa ni fulani. Ndugu zetu wa Bushi, kule Kivu ya Kusini, walikuwa na kalinzi, mara nyingi ng'ombe, aliyempa mtu haki ya kukaa na kurithisha, na walikuwa na bwasa kwa yule aliyelima kwa muda tu. Kwa hiyo tusidanganyane kwamba desturi haikujua tofauti ya kupewa na kukodishwa. Ilijua vizuri sana.

Kitabu cha desturi kilikuwa vichwa vya watu. Mpaka ulikuwa mti, mtaro, jiwe, na mzee aliyekumbuka siku lile jiwe lilipowekwa. Kitabu hicho kilifaa maadamu watu walikaa pamoja. Lakini kinafanya kazi namna gani leo, mmoja akiwa Butembo, mwingine Beni, mwingine Kasindi, na yule mzee amezikwa njiani?

Kisha ikaja leta. Tarehe 1 mwezi wa 7, 1885, utawala mpya wa mfalme Leopold wa Pili ulitoa amri juu ya ardhi ya Kongo. Amri ile ilikuwa na maneno mawili yaliyopigana ndani yake. Neno la kwanza: ardhi isiyo na mtu ni mali ya leta. Neno la pili: hakuna ruhusa ya kuwanyang'anya wenyeji ardhi wanayoikaa. Vizuri. Lakini ni nani aliyetembea kuona kama ardhi ina mtu? Shamba lililopumzishwa miaka mitano ili udongo upate nguvu, machoni pa mgeni, ni pori. Mwitu wa kuokota kuni na dawa ni pori vilevile. Ndipo ulipoanza ugonjwa ambao bado tunao: ardhi inaamuliwa na watu wawili, na mtu wa tatu, yule anayelima au aliye mbali, anasikia habari baadaye.

Katika miaka ileile ya 1885 na 1886 leta ilileta pia jambo lingine, nalo lilikuwa zuri kwa asili yake. Kule Australia ya Kusini, mwaka 1858, mtu mmoja aitwaye Robert Torrens alipitisha sheria mpya ya ardhi. Zamani alikuwa mkuu wa forodha, anajua namna meli zinavyoandikwa: kila meli ina ukurasa wake, na anayetaka kujua mwenye meli anafungua kitabu. Torrens akasema, ardhi nayo iandikwe hivyo. Kipande kimoja, ukurasa mmoja. Ukiuza, jina linabadilishwa katika kitabu cha leta, na mbele ya sheria ni kitabu kile kinachosema. Kongo ilichukua njia hiyo, na mlinzi wa kitabu akaitwa konservateri.

Huko Uingereza walikuwa na njia nyingine, ya kufuatilia marundo ya karatasi za zamani. Kwa hiyo ilihitajika mwanasheria kwa kila nyumba inayouzwa, na sheria ya mwaka 1985 ndiyo iliyowaruhusu watu wengine wenye leseni, wasio mawakili, kufanya kazi hiyo tu. Kenya kazi hiyo iko mikononi mwa mawakili. Kwetu hakuna mtu mmoja wa namna hiyo. Kazi yake imegawanywa kwa watu watatu: mpimaji wa kadasteri, notere, na konservateri. Nitawarudia.

Kwanza tumalize historia, maana iko sehemu inayouma. Mwaka 1928 iliundwa Comité National du Kivu, ambayo watu waliifupisha CNKi, ili kuwagawia wazungu mashamba katika Kivu. Milima yetu yenye baridi iliwapendeza. Mwaka 1934, tarehe 31 mwezi wa 5, ilitoka amri kwamba kabla ya kutoa ardhi ya wenyeji lazima ufanywe uchunguzi: watu waulizwe ni nani ana haki gani pale. Katika karatasi, huo ndio ulinzi wa mtu wa tatu. Katika matendo, mara nyingi aliyeulizwa alikuwa shefu, na aliyelipwa alikuwa shefu, na mama mwenye maharagwe yake bondeni alimwona mpimaji siku ya kuhamishwa. Nasema hivi si kwa kuwatukana mashefu. Uchunguzi usiomfikia mlimaji si uchunguzi, hata ukipigwa mihuri saba.

Uhuru ulikuja mwaka 1960. Mwaka 1966 sheria iliyoitwa ya Bakajika ilirudisha kwa leta ardhi zilizogawanywa na wakoloni. Halafu tarehe 20 mwezi wa 7, 1973, ikatoka ile sheria kubwa ya ardhi, iliyokuja kurekebishwa mwaka 1980. Ilisema udongo wote ni mali ya leta peke yake, haiuzwi. Raia anapewa haki ya kuutumia, na haki hiyo inathibitishwa na hati ya uandikishaji, tunayoiita sertifika. Juu ya ardhi za vijiji, sheria ilisema nazo ni za leta, lakini haki za wanaokaa juu yake zitapangwa kwa amri ya Rais. Wenyeji waliisubiri amri hiyo miaka mingi mno.

Angalia kilichotokea. Shefu anasema: ardhi ni ya desturi, mimi ndiye ninayegawa. Leta inasema: ardhi ni yangu, konservateri ndiye anayeandika. Mwenye pesa akapita kwa wote wawili, au akapita kwa mmoja tu na kumficha mwingine. Shamba moja likazaa karatasi mbili, na kijiji kizima kikaamka siku moja ndani ya konsesio ya mtu. Mwezi wa 3, 1993, vita ilipoanza Ntoto katika Walikale na kuenea Masisi, watu walisema ni vita ya makabila. Ilikuwa hivyo, lakini chini ya makabila palikuwa na udongo, na chini ya udongo palikuwa na karatasi zilizoandikwa bila watu kuulizwa.

Sasa nirudi kwa wale watatu niliowataja. Mpimaji wa kadasteri anakwenda shambani kwa miguu. Hapimi ofisini. Anasimama mpakani pamoja na jirani wa kila upande, na jirani akisema "hapana, mtaro ulikuwa hapa", neno lake linaandikwa. Sheria ya 1973 ilidai kwamba kwa ardhi ya kijijini ufanywe kwanza uchunguzi: kuangalia mipaka, kuhesabu watu waliomo na vitu vilivyomo, kuwasikia wenye malalamiko, hata kama wanasema kwa mdomo tu. Ni ileile dawa ya 1934. Safari hii tuinywe.

Notere anamtazama muuzaji usoni. Ni nani huyu? Karatasi zake za utambulisho ziko wapi? Anaelewa anachokitia sahihi? Na mwenzake wa ndoa yuko wapi? Hapo wanaume wengi wanakohoa. Lakini tangu sheria ya jamaa ya tarehe 1 mwezi wa 8, 1987, kuhamisha haki ya ardhi kunahitaji mapatano ya mume na mke wote wawili, hata kama ardhi iliandikwa kwa jina la mmoja. Karatasi ya komisionere karibu kila mara ina jina la baba peke yake. Kwa hiyo ni karatasi mgonjwa tangu siku ya kuzaliwa.

Konservateri anafungua kitabu. Anaona kama shamba hilo tayari lina mwenyewe, kama limewekwa rehani, kama liko katika kesi. Akikuta salama, anafuta jina la zamani na kuandika jipya. Kabla ya hapo mnunuzi ana ahadi, lakini machoni pa kitabu bado si mwenyewe.

Na wewe uliyekimbia bila karatasi, sikiliza vizuri habari hii. Hati ya uandikishaji hufanywa mbili. Moja inakaa katika kitabu cha konservateri, nyingine anapewa mwenyewe. Kama ya kwako iliungua na nyumba, haki yako haikuungua nayo. Pia sheria ya mapatano ya tangu tarehe 30 mwezi wa 7, 1888, inasema kuuza kitu cha mwingine ni bure, na kwamba ukubali uliotolewa kwa kutishwa au kwa kudanganywa si ukubali. Aliyeuza shamba lako wakati hupo hakuuza kitu. Lakini usilale. Hati mpya ikishatolewa juu ya shamba lako na kukaa miaka miwili bila kupingwa mbele ya mahakama, kuivunja kunakuwa kugumu mno, na kinachobaki pengine ni kudai fidia. Ukisikia habari mbaya, mtafute mwanasheria au chama kinachotetea wakulima huko uliko, upeleke lalamiko lako kwa maandishi, na ubaki na kopi yenye tarehe. Sheria hurekebishwa, kwa hiyo uliza ofisini kanuni za leo kabla ya kulipa hata dola moja.

Mtu ataniambia: "Wewe unaongea vizuri, lakini ofisi ziko mbali, zina gharama, na kuna wanaotaka kitu kidogo mezani." Sitabisha. Njia hiyo ni ndefu, na maskini anaiona ndefu mara mbili. Lakini hesabu na hii: siku za kulala mlangoni pa mahakama, mbuzi wa kuwapa wapatanishi, mwaka mzima bila kupanda kwa sababu shamba lina ugomvi. Na kama pesa ya kufika kwa konservateri haipo leo, basi usiuze leo. Kodisha. Kukodisha hakumalizi haki yako, na pesa ya msimu mmoja inaweza kulipa chumba na dawa.

Kuhusu wewe mnunuzi wa Butembo au Beni, ninajua wengi wenu ni watu wa heshima, mmefanya kazi kwa jasho. Bei ikiwa chini sana kwa sababu mwenye shamba ana njaa, jua kwamba umenunua pia siku atakayoshiba na kukumbuka. Lipa sehemu mbele ya notere, nyingine baada ya mpimaji kufika shambani. Mpimaji asipoweza kufika kwa sababu ya vita, subiri. Ardhi haikimbii.

Ninyi viongozi, mwami, shefu wa kijiji, shefu wa avenyu, nyumbakumi, neno langu kwenu ni refu kidogo. Muhuri wako una nguvu kwa sababu watu wanaamini kwamba unajua. Ukipiga muhuri juu ya shamba ambalo mwenyewe hayupo, na hukumuuliza, umeziuza akili za watu wako pamoja na shamba. Mkataba wa Umoja wa Afrika uliofanywa Kampala mwaka 2009, kwa ajili ya watu waliohamishwa ndani ya nchi zao, unataka mali walizoziacha zilindwe. Mlinzi wa kwanza wa mali hiyo haishi Kampala wala Addis Ababa. Ni wewe uliyebaki kijijini, unayepita njia ile kila asubuhi na kuona nani ameingiza jembe wapi.

Nunua daftari. Andika kila shamba ambalo mwenyewe amehama: jina lake, majirani wa pande nne, alama za mpaka, na nani analima sasa. Daftari hilo si sertifika, na usimdanganye mtu kuwa ni sertifika. Lakini siku mpimaji atakapokuja na kuuliza "nani ana haki hapa?", utakuwa na jibu lililoandikwa kabla ya ugomvi. Fanyeni daftari mbili, moja kwako, moja kwa mtu mwingine mnayemwamini, mchungaji, padri, shehe au mwalimu, kwa sababu daftari moja huungua.

Tusiwafukuze pia wanaolima mashamba ya waliohama. Wengine nao wamehama kutoka mahali pengine, hawana pa kuweka mbegu, na udongo usiolimwa haumlishi mtu. Walime. Ila iwe kama muhako wa zamani, si ununuzi wa kimyakimya. Waandike karatasi fupi, kwa lugha wanayoielewa, isomwe kwa sauti mbele ya majirani:

"Mimi, fulani, ninalima shamba la fulani aliyehama, kuanzia msimu huu. Sikulinunua. Sitapanda kahawa wala miti, sitajenga nyumba ya kudumu. Nitatoa sehemu hii ya mavuno, na mtu huyu ndiye atakayeipokea kwa ajili ya mwenyewe. Akirudi, nitavuna kilichoiva na kumwachia shamba lake. Mashahidi ni majirani wa juu, wa chini, wa kulia na wa kushoto."

Chini yake tarehe, vidole vya wote, na kopi moja itumwe kwa mwenye shamba huko aliko.